Uwandani, maabarani au kwenye kompyuta? Njia tatu za kutafiti mageuko ya virusi ukiwa Nairobi

Kila mara masomo ya uzamili yanapoanza, wanafunzi wa baiolojia wa Chiromo, Kahawa na Juja hukwama mahali pamoja. Nadharia ya mageuko wameisoma. Wanajua virusi hubadilika haraka na kwamba viumbe vinavyoambukizwa navyo hubadilika vikijikinga. Wanataka kutafiti huo mvutano. Kisha msimamizi anauliza, "Sasa utafanya nini hasa?" na jibu halipatikani.

Njia kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kukusanya virusi vinavyosambaa sasa, kwa watu, mifugo, wanyamapori au mimea, kusoma jenomu zake, yaani maandishi yote ya urithi wake, na kuchora mti wa nasaba. Ya pili ni kuvifanya virusi vigeuke mbele ya macho yako ndani ya chupa. Ya tatu ni kuketi kwenye kompyuta na kutafuta mabaki ya virusi vya kale ndani ya DNA ya viumbe walio hai leo. Zote zinawezekana ukiwa Nairobi. Zinatofautiana katika kile kinachoweza kuonekana kupitia kila moja, na katika mambo yanayoweza kukuchelewesha kuvaa joho.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa vigezo vitano. Swali: njia hii huona mabadiliko ya muda gani, wiki, miongo au mamilioni ya miaka? Ushahidi: ukishapata jibu, utaliamini kiasi gani? Vifaa na pesa. Vibali, ambavyo wanaoanza utafiti huvidharau hadi vinapowakalisha nyumbani muhula mzima. Na mwisho, nani inamfaa.

Kigezo cha kwanza nakipa uzito kuliko vingine vyote. Pesa hutafutwa, kibali huombwa, lakini njia isiyofikia muda wa swali lako haitalijibu hata ukipewa maabara yote ya Kabete.

Njia ya kwanza: kufuata virusi vinavyosambaa sasa

Swali. Njia hii huona vizuri kuanzia wiki chache hadi takriban karne moja. Sababu ni kwamba virusi vingi vya RNA, yaani vyenye urithi ulioandikwa kwa RNA badala ya DNA, hujinakili bila kusahihisha makosa, na jenomu zake ni fupi, kwa hiyo tofauti hurundikana haraka kiasi cha kuhesabika kati ya sampuli ya Januari na ya Juni. Kirusi cha korona, ambacho jenomu yake ina herufi karibu 30,000 na ambacho kina kimeng'enya cha kusahihisha makosa, bado kilikuwa kikijiongezea mabadiliko kama mawili kwa mwezi katika siku za mwanzo za janga. Ukiwa na sampuli zenye tarehe, unaweza kukadiria kasi hiyo na kurudi nyuma hadi pale matawi yote yanapokutana.

Ndivyo ilivyofahamika kwamba kundi kuu la HIV-1, lililotokana na kirusi cha sokwe, lilianza kuenea kutoka Kinshasa katika miaka ya 1920 hivi, zaidi ya nusu karne kabla ya madaktari kuuelezea ugonjwa wenyewe mwaka 1981. Sampuli mbili za zamani kutoka mji huo, moja ya 1959 na nyingine ya 1960, zilisaidia sana. Hapa Kenya HIV nyingi ni ya aina ndogo A1, lakini C na D zipo, na zipo pia zilizochanganyika. Kila mchanganyiko wa namna hiyo unatuambia kwamba mahali fulani mtu mmoja aliambukizwa zaidi ya mara moja, virusi viwili vikakutana ndani ya seli moja na kubadilishana vipande. Hapo kuna tasnifu kadhaa.

Lakini usidhani kila kirusi kina kasi hiyo. Chukua homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na daktari wa mifugo Montgomery, kutokana na nguruwe waliokuwa wakifa hapa Kenya. Ngiri hubeba kirusi hicho bila kuugua, na kupe laini wanaoishi katika mashimo ya ngiri hukihifadhi na kukipitisha. Nguruwe wa kufugwa akikipata hufa karibu kila mara. Ni mfano mzuri wa kirusi na wenyeji wake waliozoeana, halafu akatokea mgeni ambaye hajawahi kukutana nacho. Kwa hiyo mwanafunzi anavutiwa, anapanga kukusanya sampuli za miaka miwili kutoka kwa wafugaji wa Kiambu na kuchora mti kama ule wa korona. Tatizo ni kwamba hiki ni kirusi cha DNA chenye jenomu ya herufi kati ya 170,000 na 190,000 hivi, na hubadilika polepole. Miaka miwili inaweza kumpa jenomu zinazokaribia kufanana kabisa. Swali zuri, muda usiotosha. Angeuliza jinsi aina za kirusi hicho zinavyotofautiana kati ya ngiri na nguruwe, badala ya jinsi kilivyosafiri mwezi hadi mwezi, angekuwa mahali salama zaidi.

Ushahidi. Nguvu ya njia hii ni kwamba inaonyesha kilichotokea kweli, porini au mtaani, kwa namna ambayo hakuna chupa ingeweza kubashiri. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe na jamaa zao wa porini, ni mfano. Katikati ya miaka ya 1990 ugonjwa huo uliua nyati na tandala katika eneo la Tsavo, ilhali ng'ombe waliobeba kirusi kilekile waliugua kidogo tu. Anayesema kwamba virusi hupoa kadiri vinavyozeeka angepaswa kwanza kuuliza, vinapoa kwa nani?

Udhaifu wake ni kwamba historia huja mara moja na huwezi kuirudia uone kama ingetoka vilevile. Halafu kuna upendeleo wa sampuli, ambao wasahihishaji wa tasnifu wanaujua vizuri. Ukichukua sampuli nyingi kutoka hospitali za Nairobi na chache kutoka Busia, mti wako utaelekea kusema kirusi kilitoka Nairobi kwenda Busia. Huenda ni kweli. Huenda pia mti unakuonyesha tu mahali ulikokuwa na gari.

Vifaa na pesa. Mashine za kusoma jenomu zimepungua ukubwa hadi nyingine kutosha kiganjani, na jambo hilo limewadanganya wengi. Mashine si gharama kubwa. Gharama ni kemikali zinazoagizwa ng'ambo, zinazotakiwa kufika zikiwa baridi, na ambazo zinaweza kukwama uwanja wa ndege huku muda wake wa kutumika ukiyoyoma. RNA nayo huharibika upesi, kwa hiyo utahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta ya kuaminika stima ikipotea. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba pale Mbagathi, na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo pale Kabete, zina vifaa vya kusoma jenomu, na wanafunzi wengi hufanya kazi zao huko kwa ushirikiano. Maana yake ni kwamba ratiba yako inategemea foleni ya watu wengine.

Vibali. Hii ndiyo njia yenye vibali vingi. Sampuli za watu zinahitaji kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Ukitumia sampuli zilizokwisha kuhifadhiwa, kamati itauliza kama wenye damu hiyo waliridhia itumike kwa utafiti mwingine. Wanyamapori wana milango yao: KWS, shirika la wanyamapori, pamoja na taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyoko Naivasha. Kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki zinaihusisha NEMA, mamlaka ya mazingira, na sampuli ikivuka mpaka unahitaji mkataba unaosema nani ataitumia na kwa faida ya nani. Mimea ni nafuu zaidi. Ule ugonjwa wa mahindi ulioibuka Bomet mwaka 2011, ambapo virusi viwili vikikutana kwenye shina moja hulimaliza, hauhitaji fomu ya ridhaa ya mgonjwa. Unahitaji mkulima aliye tayari kukuonyesha shamba lake, na wengi wako tayari, kwa sababu wao pia wanataka jibu.

Inamfaa nani. Anayependa watu na barabara, anayeweza kusubiri, na ambaye msimamizi wake tayari ana mradi wenye vibali. Inamfaa pia anayelenga kazi katika afya ya umma au huduma za mifugo, kwa sababu atakayoyafanya kwenye tasnifu ndiyo atakayofanya kazini.

Njia ya pili: kuvifanya virusi vigeuke maabarani

Swali. Hapa muda ni siku hadi miezi, lakini ndani ya muda huo hupita vizazi vingi sana. Badala ya kuuliza nini kilitokea, unauliza nini hutokea nikifanya hivi.

Kazi maarufu kuliko zote za namna hii hapa kwetu ilifanyika Muguga, si mbali na jiji. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Walter Plowright na wenzake walichukua kirusi cha sotoka cha aina iitwayo Kabete O na kukihamisha kutoka kwa seli za figo za ndama hadi seli nyingine, tena na tena, karibu mara 90. Ndani ya vyombo vya kioo hakuna ng'ombe wa kuambukiza wala kinga ya mwili ya kukwepa. Kinachofaidi ni kirusi kinachozaana vizuri ndani ya seli zile, basi. Kirusi kikazoea maisha hayo na kupoteza uwezo wa kuwaugonjwesha ng'ombe, lakini kikabaki na sura ambayo kinga ya ng'ombe huitambua. Hiyo ikawa chanjo. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani. Mlipuko wa mwisho kuthibitishwa ulikuwa hapahapa Kenya, kwa nyati wa Meru, mwaka 2001. Wao walikuwa wanatafuta chanjo, hawakujiita watafiti wa mageuko. Lakini walichofanya ni uteuzi wa mageuko kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwanafunzi wa leo hatagusa kirusi cha namna hiyo, na asijaribu. Atatumia faji, virusi vinavyoambukiza bakteria, ambavyo havina habari na binadamu. Kuvipata ni rahisi: maji ya Mto Nairobi au ya mabwawa ya majitaka ya Ruai, kichujio chenye vitundu vya mikroni 0.2 kinachozuia bakteria na kupitisha faji, bakteria wa maabara, na agari laini, ile jeli ya kuoteshea bakteria. Kesho yake utaona madoa angavu kwenye sahani, kila doa likiwa mahali faji zilipowamaliza bakteria. Faji aina ya T4 huingiza DNA yake ndani ya bakteria na kumpasua baada ya kama nusu saa, zikitoka mpya mia moja na zaidi. Kwa mwendo huo, wiki moja ina vizazi ambavyo tembo angehitaji maelfu ya miaka kuvifikia.

Ushahidi. Hapa ndipo njia hii inazishinda nyingine: unaweza kurudia. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliiachia faji iitwayo lambda iishi na bakteria ambao walikuwa wamepunguza mlango wake wa kawaida wa kuingilia. Katika chupa 96, faji za chupa 24 zilijifunza kutumia mlango mwingine kabisa. Kila mara uwezo huo ulihitaji mabadiliko manne katika protini moja ya faji, na yalipatikana tu pale bakteria nao walipokuwa wamebadilika kwa namna fulani kwanza. Hebu fikiria uzito wa matokeo hayo. Mtu aliyekusanya sampuli porini angeona faji yenye mlango mpya na kubuni hadithi. Hawa waliweza kusema hutokea mara ngapi, kwa hatua gani, na kwa sharti lipi.

Tena unaweza kugandisha mababu. Mwanabiolojia wa Marekani Richard Lenski alianza mwaka 1988 na chupa 12 za bakteria aina ya E. coli, na kila baada ya vizazi 500 nakala huwekwa kwenye friza. Ilipofika mwaka 2003 na chupa moja ikaonekana kula sitrati, chakula ambacho E. coli hawakili penye oksijeni, mababu walitolewa kwenye barafu na kuendeshwa upya ili kujua uwezo ule ulianzia wapi. Ngiri hawezi kurudishwa mwaka 1921 aulizwe.

Udhaifu wake unajulikana: chupa si msitu. Faji iliyoshinda kwenye supu safi ya nyuzi 37 pengine isingedumu siku moja mtoni. Msahihishaji mkali atakuuliza matokeo yako yanahusu nini nje ya mlango wa maabara, na lazima uwe na jibu kabla hujaanza.

Vifaa na pesa. Sahani, agari, kitamizi (kabati la joto la kuoteshea bakteria), mashine ya kutikisa chupa, friza. Vingi vya hivi tayari vipo katika idara za mikrobiolojia za vyuo vyetu. Kusoma jenomu utahitaji, lakini mwishoni tu na kwa sampuli chache. Adui mkubwa ni usafi, kwa sababu faji ikishaenea kwenye benchi huingia katika kila chupa ya jirani yako, nawe utachukiwa. Stima nayo ni tatizo la namna yake: friza ikizimika wikendi nzima, mababu wote wamekwenda. Hifadhi nakala mahali pawili.

Vibali. Vichache. Kamati ya usalama wa maabara ya chuo itataka kuona mpango wako. Ukiingiza jeni ngeni au kuhariri viumbe, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia inahusika chini ya sheria ya mwaka 2009. Kuhusu virusi vya magonjwa ya watu au mifugo, kuvilea ili vibadilike ni jambo lisilofaa kwa tasnifu ya uzamili hata kidogo.

Inamfaa nani. Mtu wa nidhamu ya kila siku. Chupa huhamishwa Jumamosi, Jumapili na Krismasi. Anayeishi Rongai na maabara yake iko Juja afikirie mara mbili kuhusu nauli na foleni za barabarani. Inamfaa pia anayetaka kuwa na uhakika wa kumaliza, maana hakuna kibali cha hifadhi wala mgonjwa wa kusubiri.

Njia ya tatu: kutafuta virusi vya kale ndani ya jenomu

Swali. Virusi fulani, hasa virusi vya jamii ya HIV viitwavyo retrovirusi, hujipachika ndani ya DNA ya kiumbe. Vikiingia katika yai au mbegu ya uzazi, mtoto huzaliwa navyo, na wajukuu pia, hadi spishi nzima. Karibu asilimia 8 ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya namna hiyo. Mengi yameharibika. Machache yamepewa kazi: jeni moja ya ganda la retrovirusi ya kale, inayotengeneza protini ya sinsitini, leo hutumika kuunganisha seli za kondo la nyuma. Kila msomaji wa makala haya alilishwa tumboni kwa msaada wa kirusi.

Muda wa njia hii ni mamilioni ya miaka, na hesabu yake ni rahisi kuelewa. Ukikuta kipande kilekile cha kirusi mahali palepale katika jenomu za spishi mbili, basi kiliingia kabla spishi hizo hazijaachana, na huo ndio umri wake wa chini. Kwa namna hiyo jamaa wa kirusi cha homa ya ini ya B walipatikana mwaka 2010 ndani ya jenomu za ndege wadogo waimbao, wakiwa humo kwa miaka isiyopungua milioni 19.

Sasa linganisha na saa ya njia ya kwanza. Kwa miaka mingi, kasi ya mabadiliko iliyopimwa kwenye sampuli za kisasa ilisema virusi vya nyani vya jamii ya HIV vina umri wa mamia machache au maelfu machache tu ya miaka. Mwaka 2010 watafiti waliangalia nyani wa kisiwa cha Bioko, ambacho bahari ilikitenga na bara miaka 10,000 hivi iliyopita, wakakuta wana virusi vyao wenyewe vilivyoachana na vya bara zamani hizo. Hesabu ikarekebishwa hadi zaidi ya miaka 32,000. Kasi inayopimwa kwa miezi huwa kubwa kuliko inayopimwa kwa milenia, kwa kuwa mabadiliko mengi ya leo hayatadumu, na yale yanayotokea mara nyingi mahali pamoja hufutana. Anayetumia njia ya kwanza kujibu swali la miaka milioni atapata namba, tena nadhifu, na itakuwa si sahihi.

Ushahidi. Umri wa chini ni wa kuaminika sana. Yaliyobaki ni makisio: kirusi chenyewe kilifanya nini, kiliua wangapi, kiliruka kutoka kwa mnyama yupi. Unachoona ni vile tu vilivyoacha alama, na vingi havikuacha. Kuna pia hatari ya uchafu. Kipande cha kirusi katika jenomu iliyosomwa vibaya kinaweza kuwa ni cha maambukizi ya mnyama yule mmoja siku alipochukuliwa sampuli, si cha spishi yake. Bila kuthibitisha maabarani, au angalau kuona kipande hicho katika jenomu za wanyama kadhaa pamoja na DNA iliyo pande zake mbili, usiandike kichwa cha habari.

Vifaa na pesa. Kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya kutosha, intaneti, na subira. Jenomu ziko kwenye hifadhi za umma bila malipo, na programu kama BLAST, IQ-TREE na BEAST hazilipiwi. Kazi nzito zinahitaji seva, ambazo taasisi kubwa za jijini zinazo na nyingine huruhusu wanafunzi washirika. Gharama iliyojificha ni muda wa kujifunza. Asiyewahi kuandika amri kwenye skrini nyeusi, wala kutumia R, lugha ya kompyuta ya takwimu, atumie muhula wa kwanza kwa hilo pekee na asione aibu.

Vibali. Karibu hakuna. Leseni ya NACOSTI bado chuo kitaitaka, lakini hutamsubiri askari wa wanyamapori wala mgonjwa.

Wengine huidharau njia hii wakisema ni ya watu wa nje, haina cha Mkenya. Wamesahau migomba. Ndizi zenye ukoo wa Musa balbisiana, gonja ikiwamo, hubeba ndani ya DNA yao kirusi cha michirizi ya ndizi. Mmea ukipata dhiki, kwa ukame au hata kwa kuzalishwa kwenye chupa za maabara, kirusi huamka na kuugonjwesha mmea kutoka ndani. Kwa sababu hiyo wazalishaji wameogopa kuitumia mimea hiyo kuboresha mbegu. Mwaka 2019 wanasayansi wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, wanaofanya kazi katika kampasi ya ILRI hapa Nairobi waliripoti kwamba wamehariri gonja na kuvivunja vipande hivyo. Mbu pia wamejaa mabaki ya virusi kwenye jenomu zao, na icipe pale Kasarani ni nyumbani kwa utafiti wa wadudu. Mada hazijaisha.

Inamfaa nani. Mwenye kazi ya mchana, mzazi wa mtoto mdogo, aliye mbali na maabara, au asiye na senti ya ufadhili. Haimfai anayechoka haraka na skrini, wala anayehitaji kushika kitu ndipo aamini.

Ukichagua kwa hali yako

Anza na swali lako na uliandikie muda. Kama lina neno "mlipuko", "mwaka huu" au "kaunti", uko njia ya kwanza. Kama lina "je, kingeweza" au "mara ngapi", uko ya pili. Kama lina majina ya spishi mbili zilizoachana zamani, uko ya tatu. Swali lisiloingia popote kwa kawaida ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na msimamizi wako atafurahi ukiyafungua.

Kama una miaka miwili na pesa za karo tu, njia ya kwanza kwa sampuli mpya za watu au wanyamapori ina hatari kubwa. Si kwamba haiwezekani, lakini miezi ya vibali na miezi ya kemikali ikijumlishwa hubaki kidogo cha kufikiri. Ukiipenda sana, chagua mmea, au tumia jenomu ambazo wengine wameshazisoma na kuziweka hadharani. Zipo nyingi za Kenya ambazo zilichapishwa kwa swali moja na bado zina majibu ya mengine.

Kama una ufadhili wa uzamifu wa miaka mitatu au minne, kuchanganya njia mbili ni busara. Faji za mtoni zinaweza kukusanywa kwa njia ya kwanza na kupimwa kwa ya pili. Anayetafuta mabaki kwenye jenomu ya mbu anaweza kuthibitisha machache kwa mbu halisi. Njia tatu kwa pamoja ni kazi ya kikundi, mwache profesa aiombee fedha.

Kama unalenga ajira baada ya hapa, stadi za kompyuta za njia ya tatu zinahamishika hadi njia zote, na hata nje ya baiolojia. Stadi za uwandani na za vibali ni adimu zaidi kuliko watu wanavyodhani, na mashirika huzitafuta. Stadi za benchi la faji zinazidi kuulizwa kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa, maana faji zinachunguzwa kama tiba.

Na kama msimamizi amekwisha kukuambia ana sampuli kwenye friza, mshukuru, kisha omba kuona barua tatu kabla ya kukubali: idhini ya kamati ya maadili ikiwa bado haijaisha muda, fomu ya ridhaa iliyotumika wakati wa kukusanya, na orodha ya sampuli zenye tarehe na mahali zilipotoka. Sampuli isiyo na tarehe haitasaidia saa ya njia ya kwanza hata ikiwa na jenomu nzuri kiasi gani.